Mbuzi wa Kiamaiko, samaki wa Mida

Kiamaiko, soko la mbuzi huamshwa na malori. Yakifika kutoka Moyale, Marsabit au Isiolo, madalali, wachinjaji na wapagazi huamka wote kwa pamoja. Nimekua kwa saa hiyo ya lori, ndiyo maana Mida Creek, kule Watamu, ilinishika moyo: pale saa ni ya mwezi. Siku za bamvua maji hupwa hata ukavuka kwa miguu ulipopita asubuhi na mtumbwi. Siku za maji mafu mkondo hulegea na ndoana hukaa bila kuguswa. Tena kila siku maji hujaa kwa kuchelewa dakika 50 hivi kuliko jana.

Tulitoka maji yakianza kujaa. Mtumbwi ulikuwa wa gogo la mwembe, na mwenyeji wangu, mzee wa Kigiriama, aliusukuma kwa upondo, kwa kuwa kafi hupiga kelele na kuwashtua samaki penye kina kifupi. Maji yakipanda, vidagaa hukimbilia mizizi ya mikoko, na kolekole huwaandama kutoka baharini. Mshipi haurushwi katikati. Hurushwa ukingoni, pale maji yanayokwenda yanapopishana na yaliyotulia.

"Hapo, mwanangu," mzee alininyooshea kidole. "Tupa juu ya mkondo, chambo kishuke chenyewe."

Shauri lilo hilo nililipata Chesapeake Bay, Maryland, kwa binamu yangu anayeishi Baltimore. Kule tulikalia kayaki za plastiki tukimtafuta striped bass, samaki wa rangi ya fedha mwenye mistari myeusi saba au minane ubavuni. Hujibanza nyuma ya nguzo za madaraja, mkondo unapokatika, akingoja kuletewa chakula. Maji ya pale hayapandi sana, sehemu nyingi hayafiki mita moja, lakini samaki huyasoma vilevile.

Kilichonigusa zaidi ni sheria. Samaki hao walivuliwa hadi wakapungua vibaya, Maryland ikapiga marufuku kuwavua kuanzia 1985 hadi 1990, nao wakaongezeka tena. Siku hizi mvuvi wa ndoana katika ghuba hiyo huruhusiwa mmoja tu kwa siku, wa inchi 19 hadi 24. Wakubwa kupita hapo, ambao wengi ni majike ya kutaga, hurudishwa majini.

Kiamaiko kila mbuzi ana mfugaji aliyemlea, na jasho lake limo ndani ya bei. Samaki wa Mida hulelewa na mikoko, na mikoko haidai malipo, kwa hiyo ni rahisi mtu kumvua samaki angali mtoto. Mida imo katika hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyoanzishwa 1968, lakini kwangu hifadhi bila kipimo cha samaki haijakamilika. Nawe msomaji, ukifika Watamu ukauziwa tewa asiyezidi kiganja chako, usimnunue.