Likikwama Ndabaka

Ufundi niliuanzia gereji moja jirani na stendi ya Bweri, Musoma, nikisafisha nozeli za mabasi ya Mwanza. Fundi wangu mkuu, mzee wa Kizanaki, habari za mazingira hazikumhusu. Akiona basi linatema moshi mweusi, alisema ile ni dizeli isiyoungua, fedha ya tajiri inapaa. Chuoni nikaja kulisikia jambo hilo hilo kwa hesabu: injini ya dizeli hugeuza takribani theluthi tu ya nguvu ya mafuta kuwa mwendo, iliyobaki inapotea kama joto.

Wakati kampuni ya Opibus ya Nairobi, iliyoanzishwa 2017 na leo inaitwa Roam, ilikuwa ikibadili Land Cruiser kutoka dizeli kwenda umeme, nami niliingia karakana moja ya Arusha iliyofanya kazi ya aina hiyo. Tulishusha injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, pamoja na tenki, radieta na ekzosi. Mahali pake tukafunga mota na betri. Bodi, chasi na difu vilibaki. Wapo wanaoamini gari la kijani lazima liwe jipya, sikubaliani nao. Chasi ya miaka 20 chuma chake kilishayeyushwa zamani.

Siku ya majaribio, dereva mmoja wa Bunda alizunguka gari, akainama chini ya uvungu, kisha akaniuliza, "Mura, likifa kule Ndabaka wakati wa masika, nimpigie nani? Arusha?"

Swali lile lilitawala kazi yangu yote iliyofuata. Ukiingia Serengeti kwa lango la Ndabaka, udongo ni ule mweusi unaonata, na Arusha iko ng'ambo ya hifadhi nzima. Nilipopewa kuongoza idara ya ubunifu, nilikataa maboksi ya betri yaliyogundishwa kwa gundi. Nikataka bolti zinazofunguka kwa spana ya kawaida. Wenye mitaji walinung'unika, na walikuwa na hoja: boksi la bolti lina uzito zaidi, na gasketi yake ikizeeka hupitisha maji. Tukaongeza ratiba ya kuibadilisha. Mafundi wa Bunda tukawafundisha kukata umeme kwanza, kusubiri, kisha kupima kwa mita kabla ya kugusa waya wowote wa rangi ya machungwa. Vijana walioshika pampu za dizeli miaka kumi walielewa haraka kuliko wahandisi wageni.

Nikipita Butiama huwa namkumbuka Mwalimu Nyerere kwa sababu ya Nyumbu, lori lililobuniwa Kibaha kwa ajili ya barabara zetu. Watu wanalicheka. Mimi sicheki.

Sasa nimestaafu, nipo Bunda, na kinachonishughulisha ni betri zilizochoka. Iliyobakiwa na asilimia 70 ya uwezo haifai tena kuvuta gari matopeni, ila inatosha kuwasha taa na friji ya zahanati. Tunazipima seli moja moja, zinazolingana tunazifunga pamoja. Zilizovimba tunazitenga kwenye sanduku la chuma lenye mchanga, nje, mbali na nyumba. Kijana wangu ameshaanza kuchomelea sanduku la pili.