King'ora Kimelia Mara Tatu

Mulala, Makueni

Kwako mwana wa kaka yangu,

Huku tu wazima, miguu yangu ni ileile unayoijua, na ndengu zimeota vizuri. Mwambie mkeo maembe aliyoyaagiza yapo, nitakuja nayo.

Ningeweza kukupigia simu, lakini kwenye simu unaniitikia "sawa shangazi" kisha mambo yanabaki palepale. Barua utaisoma zaidi ya mara moja.

Nimeambiwa kwamba ile nyumba yako mpya ya kando ya barabara ya Loitokitok umeifunga kengele ya wezi kwa mikono yako mwenyewe, ukamwachisha kazi yule mzee aliyekuwa akilinda usiku, kisha ukasema dukani mbele za watu kwamba sasa huna haja ya mlinzi wala jirani. Nimeambiwa tena kwamba king'ora hicho kimelia mara tatu katika wiki moja, mara mbili usiku wa manane, na mwizi hakuwepo. Wiki ijayo unapanda ndege kwenda Doha, miaka miwili, kulinda majengo ya watu. Mkeo na watoto wawili wanabaki na mtambo huo.

Kuifunga mwenyewe si kosa. Mikono hiyo umeirithi kwetu. Babu yako alifanya kazi ya reli na hakuna chombo kilichomshinda kukifungua na kukirudisha. Kinachonikosesha usingizi ni yale maneno ya dukani, na zile mara tatu.

Kuna jambo ambalo baba yako hakukusimulia, na nadhani hakulisimulia kwa kunihurumia. Mwaka wa 1998, baada ya mvua za El Niño kuikatakata barabara ya Mombasa, malori yalikuwa yakikwama na kulala Emali, mji ukajaa watu ambao hatukujua wametoka wapi. Mimi nilikuwa na stoo ya nafaka nyuma ya soko. Nikaenda Nairobi, Luthuli Avenue, nikanunua kengele nzima: paneli, betri, king'ora, na yale macho mawili ya ukutani ambayo mafundi huyaita sensa. Wakati huo wenye maduka wengi pale walitegemea kufuli na mbwa. Mimi, mwanamke, nilikuwa na mtambo. Nilijivuna, na sioni haya kulisema, kwa sababu zilikuwa fedha za jasho langu. Kijana mmoja fundi wa stima alinishikia ngazi, lakini mimi ndiye niliyeamua kila kitu kikae wapi.

Jicho moja nililielekeza dirisha la magharibi. Nikifunga stoo mchana kwenda kula, jua la saa tisa linapenya dirishani, kengele inalia. Usiku mjusi kafiri anatambaa juu ya jicho lenyewe, kengele inalia. Mara ya kwanza walikuja majirani wote, baba yako mbele na panga na tochi, shati amelivaa kinyume. Mara ya tano walikuja wawili. Mwezi wa pili hakutoka mtu. Mama mmoja mwenye mtoto mchanga alinijia akaniomba kwa upole niirekebishe, mtoto alikuwa halali. Nikamjibu kwamba stoo ni yangu na kengele ni yangu. Maneno hayo nimeyabeba miaka yote hii, ndiyo maana niliposikia yako nilishindwa kumaliza chai.

Wezi wakaja saa nane usiku na lori. Walivunja mlango wa nyuma, na king'ora kikalia tangu walipoingia, kikalia walipokuwa wakipakia, kikalia walipoondoka, mpaka betri ikaisha. Magunia 22 ya ndengu, ya kilo 90 kila moja. Kulipokucha nilimkuta baba yako amesimama mlangoni kwake, hatua sitini kutoka stooni. Akaniambia, "Nilisikia. Nikadhani ni mjusi." Sikusema naye kwa miaka minne, hadi tulipomzika mama yetu. Najua ni mimi niliyemfundisha kutoiamini kengele yangu. Hata hivyo alikuwa kaka yangu, na hatua sitini si mbali. Amekufa neno hilo halijaisha kati yetu, nami nakueleza wewe kwa kuwa sina mwingine wa kumweleza.

Basi, kabla hujafunga sanduku lako, anza na yale macho. Jicho la kengele halimjui mtu; linahisi joto linalosogea. Jua likiruka ghafla ukutani, au mjusi akipita karibu nalo, kwake ni mwizi. Tena nyumba ya mabati isiyo na dari, mchana wa Emali unapochemka mpaka joto la ndani likakaribia joto la mwili, nyuzi 37 hivi, jicho hilo hilo linaweza kumkosa mtu kabisa, maana mtu na ukuta vimekuwa sawa. Liweke pembeni, juu kidogo ya mita 2, dirisha likiwa nyuma yake na ujia wa ndani mbele yake, mbali na jiko, friji na pazia. Tundu la waya lizibe kwa silikoni, wadudu na mijusi wasipate njia.

Milango yako ni ya chuma, na huenda moja ya zile mara tatu ilitoka hapo. Sumaku ndogo zinazokuja kwenye boksi zinafaa mlango wa mbao. Kwenye chuma nguvu yake hupotea, upepo ukitikisa mlango kidogo tu, kelele. Tafuta zile kubwa za milango ya chuma.

Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilikatika karibu nchi nzima, unaukumbuka. Ikikatika tena hivyo, kengele inabaki na betri, na nasikia yako ni ile ya volti 12, ampea-saa 7. Paneli ikila ampea 0.2, hesabu inakupa saa 35 betri ikiwa mpya, na si mpya milele. Andika tarehe juu yake kwa kalamu ya wino mzito. King'ora nacho kipange kilie dakika 5 kisha kinyamaze na kujiandaa upya. Changu kililia hadi kikafa, na hakikumsaidia mtu.

Halafu hili la simu, ambalo lilinifanya nisimame nikazunguka nyumba. Nimeambiwa kengele ikigundua kitu inapiga simu, na namba ya kwanza uliyoiweka ni yako. Utakuwa Doha, mwanangu. Kutoka Nairobi ni zaidi ya saa tano angani. Utapokea simu ukiwa zamu kwenye lango la mtu mwingine, na utafanya nini? Weka ya mkeo kwanza, kisha ya jirani wa ng'ambo ya ua, kisha ya mzee wa Nyumba Kumi, kisha yangu. Laini iliyo ndani ya paneli iwe na salio kila mwezi. Na namba 999 na 112 ziandikwe kwa maandishi makubwa karibu na mlango wa jikoni, watoto wazione.

Mjukuu wangu alinisomea habari za muuguzi mmoja wa New York, mtaa wa Queens, Marie Van Brittan Brown. Saa zake za kazi na za mumewe Albert, fundi wa elektroniki, zilikuwa hazilingani, basi mara nyingi alikuwa peke yake usiku, na polisi walichelewa kufika wakiitwa. Akabuni kamera ya mlangoni, na chumbani skrini ya kumwonyesha anayebisha, na kitufe cha kuita msaada. Hati ya ubunifu waliipata pamoja mwaka wa 1969. Nilimwambia mjukuu asome tena. Kitu kile kilitoka katika kichwa cha yule anayebaki ndani. Je, mkeo umemuuliza ni wapi anapoogopa usiku? Anajua kukizima king'ora? Anajua namba ya siri, na umeibadilisha ile iliyotoka kiwandani?

Kamera ya nje igeuze, isitazame mlango wa jirani. Tangu 2019 kuna sheria ya kulinda data za watu, na hata pasipo sheria ungejisikiaje wewe? Ukitaka kuwafungia wengine kengele kwa malipo kama wanavyosema, kajisajili kwanza, sheria ya ulinzi wa kibinafsi ya 2016 ipo. Huyo wakala wa Doha, hakikisha amesajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Pasipoti yako usimwachie mtu.

Narudi kwenye maneno ya dukani, maana hayajanitoka. Emali ni njia panda. Malori ya Mombasa yanalala pale, magari ya Loitokitok yanageukia pale, na tangu 2017 treni mpya nayo inashusha watu. Mgeni akipita usiku na gunia begani, ni nani atakayejua kwamba gunia si lake, kama si jirani? Matuta ya shamba hili ninamoandikia barua tuliyachimba kwa mwethya, leo kwangu kesho kwako, na baba yako alichimba kwa watu ambao hata hakuwapenda. King'ora chako kikilia, kinachowaita ni hao hao uliosema huwahitaji.

Nitashuka Jumamosi na matatu ya asubuhi. Mwite yule mzee mlinzi arudi, mshahara wake wa mwezi wa kwanza nitautoa mimi. Waite na majirani wa pande zote, wanywe chai, kisha kengele ipigwe mchana kweupe wakiwa wamesimama pale uani, waijue sauti yake, na mkeo ndiye aizime mbele yao. Nimeambiwa nyumba ya nyuma yako ina mtoto mchanga. Huko nenda wewe mwenyewe, kabla sijafika.

Ni mimi,
Shangazi yako