Lita 20 zilizoibwa na programu yangu

Wengi wenu mnajua kazi yangu ni kuandika programu za stoo na maduka. Mambo ya malori sikuyajua kabisa mpaka Septemba 2023, mwezi ule bei ya dizeli Nairobi ilipovuka shilingi 200 kwa lita. Mjomba wangu ana malori matatu yanayopeleka makontena Kampala kutoka bandari ya Mombasa. Akanipigia simu usiku: "Mpwa wangu, si wewe unajua kompyuta? Hebu nisaidie, watu wananimaliza."

Watu wenyewe ni wale wanaokuja usiku na mpira na mitungi. Lori limeegeshwa kando ya barabara, dereva amelala kwenye kebini, na tangi liko nje, kimo cha kiuno, kifuniko kikikutazama. Mtu anaingiza mpira, anavuta kwa mdomo mara moja, kisha mafuta yanajimwaga yenyewe. Mtungi wa lita 20 unajaa kwa dakika chache tu. Ukiweka kufuli kwenye kifuniko, analala chini ya gari na kufungua nati ya kumwagia iliyo chini ya tangi. Nimeoneshwa tangi moja lililotobolewa kwa msumari, halafu tundu likazibwa na kipande cha sabuni. (Sabuni inazuia dizeli vizuri, kama hukujua. Mimi sikujua.)

Basi nikaingia kazini kama tunavyoingia sisi watu wa kompyuta, yaani kwa haraka na kujiamini. Malori yalikuwa tayari na GPS. Tukanunua vihisi vya kupima kimo cha mafuta, fundi wa Miritini akatoboa matangi na kuvifunga, nami nikaandika programu ya kupokea namba hizo kila baada ya dakika 5. Kanuni yake ilikuwa rahisi. Chukua kiasi cha mafuta kabla gari halijazimwa, linganisha na kiasi cha asubuhi. Ikipungua zaidi ya lita 15, tuma SMS kwa mjomba. Nilijisifu sana siku hiyo.

Wiki ya pili SMS ikaja. Lori limelala Salgaa, kule juu ya Nakuru, na lita 20 zimetoka. Lita 20 kamili! Mtungi mmoja. Mjomba hakuhitaji ushahidi mwingine. Dereva wa gari hilo ni mzee aliyemwendeshea zaidi ya miaka 10, na yule mzee akaapa kwamba hakuna aliyegusa tangi, kwamba aliamka mara mbili kulizunguka gari, na utingo wake alikuwa shahidi. Mjomba akamwambia atakata mshahara, na ikitokea tena asirudi na funguo. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo na laptop, nikanyamaza. Namba zilikuwa zangu, na namba hazidanganyi, au siyo?

Usiku ule sikulala vizuri. Nikafungua data ya safari nzima nikaanza kusoma mstari kwa mstari. Nikakuta kitu cha ajabu. Asubuhi ile, muda mfupi baada ya lori kuondoka Salgaa, programu ilikuwa imeandika kwamba mafuta yameongezeka lita 13. Gari lilikuwa linakwenda kilomita 50 kwa saa. Sijawahi kuona lori likijazwa mafuta likikimbia.

Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Tangi lile ni la lita 400, kimo chake sentimita 60, kwa hiyo kila sentimita moja ni karibu lita 6.7. Fundi alifunga kihisi sentimita 40 mbele ya katikati ya tangi. Mzee aliegesha gari likiwa limeelekea mlimani, kwenye mteremko wa kama sentimita 5 kwa kila mita. Dizeli ikarudi nyuma, na pale kwenye kihisi ikashuka sentimita 2. Hizo ni lita 13. Lori lilipofika mahali tambarare, zikarudi.

Zile 7 zilizobaki ni baridi. Injini ya dizeli inarudisha tangini sehemu ya mafuta yaliyopita kwenye moto wake, kwa hiyo lori linapofika kituoni jioni dizeli yake ni ya vuguvugu. Usiku wa Bonde la Ufa unaipoza, nayo inasinyaa. Ikipoa nyuzi 20, lita 400 hupungua karibu lita 6.6. Hakuna aliyeiba chochote. Mwizi alikuwa mlima, hali ya hewa na mimi.

Nilimpigia mjomba saa kumi na moja alfajiri. Kumweleza habari ya mteremko haikuwa shida, alielewa upesi kuliko nilivyotegemea. Shida ilikuwa kumwomba ampigie mzee. Mwishowe nikapiga mimi. "Shikamoo mzee. Lile kosa lilikuwa langu." Akanyamaza kidogo, akasema, "Marahaba, mwanangu. Sasa mwambie tajiri." Mshahara haukukatwa.

Nikaandika upya. Sasa gari likizimwa programu inasubiri dakika 10 mafuta yatulie, ndipo inachukua kipimo kipya cha kuanzia, kwa hiyo mteremko umeingia kwenye hesabu tayari. Kisha haiangalii kiasi peke yake, inaangalia kasi. Baridi hupunguza mafuta polepole usiku kucha, mpira wa mwizi hupunguza kwa dakika. Kihisi kinasoma kila baada ya sekunde 20, naokota namba ya kati katika kila namba tano ili mtu akipanda kebini na kulitikisa gari isihesabike. Lita 5 zikitoka ndani ya dakika 3, huo ni wizi. Najua mwizi mwenye subira anaweza kunishinda. Bado sijakutana naye.

Aliyenifunza jambo kubwa zaidi ni yule yule mzee. Miezi michache baadaye wezi wa kweli walikuja, saa tisa usiku, na SMS ikafika kwa mjomba Mombasa vizuri kabisa. Alipoamka kuisoma kulikuwa kumekucha na lita 38 zimekwenda. Mzee akaniuliza, "Mimi ndiye ninayelala juu ya mafuta. Mbona habari inapelekwa kwa aliye mbali?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejenga chombo cha kumchunga dereva nikakiita ulinzi wa mafuta.

Siku hizi dalili ya wizi inawasha king'ora kidogo ndani ya kebini kwanza, halafu honi ya lori dakika moja baadaye. Mjomba anapata ujumbe mwisho. Na mzee ana mbinu zake ambazo hazihitaji seva yoyote: anaegesha upande wa tangi ukigusana na tangi la lori la mwenzake, nafasi iwe ndogo hata mtoto asipite, na nati ya chini ameifunga waya ambao mkono hauwezi kuukata gizani. Tumeongeza wavu wa chuma kwenye shingo la tangi ili mpira usiingie.

Imebaki njia moja. Injini ikinguruma gari limesimama, mtu anaweza kuchomoa ule mpira wa kurudishia mafuta na kuuelekeza kwenye mtungi. Kwa programu yangu hiyo inaonekana kama matumizi ya kawaida. Kuikamata si ngumu, kwa sababu injini isiyobeba mzigo hainywi zaidi ya lita chache kwa saa. Nimeandika tayari, mistari 30 hivi. Lakini wizi wa aina hiyo hauwezekani bila mwenye funguo, na ujumbe wake hauna pa kwenda ila kwa mjomba. Sijaiwasha. Mzee anarudi kutoka Kampala Ijumaa, nitakwenda Miritini nimwoneshe yeye kwanza.