Zabibu na Kidonda

Nilikuwa mwepesi wa kusema, "Subiri, wakati wa Mungu bado." Nilimwambia hivyo hata mdogo wangu, aliyekosa ada ya chuo miaka mitatu.

Ndipo nikasoma "Harlem", shairi fupi la Langston Hughes la mwaka 1951, juu ya ndoto za watu Weusi wa Marekani zilizoahirishwa. Hughes hahubiri. Anatuwekea zabibu kavu, kidonda, nyama iliyooza, mzigo mzito. Zabibu naivumilia, imekauka, lakini utamu umebaki. Kidonda ndicho kilichoninyima usingizi. Nani hukiambia kidonda kingoje? (Mithali 13:12 inautaja ugonjwa huo wa moyo, nami nilikuwa nikiupita tu.)

Mwaka 1963 viongozi wanane wa dini, wazungu wa Alabama, walisema maandamano ya watu Weusi hayajafikia wakati wake. Martin Luther King aliwajibu kwa barua kutoka gerezani Birmingham. Niliona aibu, maana maneno yangu yalifanana na ya wale wanane.

Jioni ile nilimpigia mdogo wangu simu. Nikamwuliza ada ni shilingi ngapi.