Niko Fiti, Kocha

Kwenye besiboli, kocha mkuu huitwa meneja. Kazi yake ngumu, kwa maoni yangu, ni ule mwendo mfupi hadi kwa mrushaji aliyechoka. Abaki ama atoke?

Oktoba 2003, Grady Little wa Boston Red Sox alienda. Mechi ya 7 dhidi ya Yankees, Boston wanaongoza 5-3. Akamuuliza Pedro Martínez kama bado ana nguvu. Pedro akasema anazo. Akamwacha. Yankees wakasawazisha, wakashinda 6-5, na Little hakupewa mkataba mwingine.

Kevin Cash wa Tampa Bay, fainali ya 2020, alikuwa ameshaamua. Blake Snell alikuwa amerusha mipira 73 tu, timu inaongoza 1-0, lakini hesabu zinasema wapigaji wakikutana na mrushaji mara ya tatu huwa wamemzoea. Akamtoa. Dodgers wakashinda 3-1, wakabeba kombe.

Mimi niko upande wa Little, maana angalau aliuliza. Nikiwa campo mwaka wa pili, kila mtu alinisoma kwa karatasi: alama, karo, siku sikuonekana darasani. Lakini pia, aki, Pedro angejibu nini? Katikati ya uwanja uliojaa, wenzake wamemzunguka, nani husema amechoka?

Mama aliniuliza jikoni, usiku, tukiwa wawili tu. Nikamwambia nimechoka. Akanipakulia chakula, na Jumatatu sikurudi.