Picha ya bibi, na yule mpiga picha wa Tukuyu

Najua nimepotea. Nilikuwa nyumbani Tukuyu, tumempumzisha bibi mzaa mama. Ndaga fijo kwa wote mliochanga pale hosteli, maana bumu lilikuwa halijatoka na nauli mnaijua.

Sasa kuna jambo halinitoki kichwani. Siku ya msiba ikatakiwa picha ya kuweka mbele ya jeneza. Tukaanza na kitambulisho cha NIDA. Jamani! Pua ni yake, macho ni yake, lakini mjomba akakataa katakata: "Huyu ni mtu anasubiri hukumu." Kwenye simu yangu nina picha za bibi zaidi ya mia mbili. Nyingi kafumba macho, au ananifukuza na hilo dude langu.

Mama mdogo akaingia ndani, akatoka na bahasha. Kapicha kadogo, nyeusi na nyeupe, ka miaka ya sabini. Bibi kakaa kwenye stuli, nyuma yake pazia lenye mchoro wa ndege. Uso kaugeuzia mlangoni kama anasikiliza mvua, na mikono imelala mapajani, vidole vyeusi kwa kuchuma chai. Kila aliyeishika alinyamaza.

Mama mdogo alikuwepo siku hiyo, mtoto wa miaka saba. Anasema bibi alilipia picha moja tu, na kwenye hiyo alificha mikono chini ya kitenge kwa aibu. Ikapigwa, ikaisha. Wakakaa kusubiri mvua ikatike (mvua ya Tukuyu, unaisubiri mpaka unasahau ulichofuata mjini). Bibi akajisahau, mikono ikatoka. Yule bwana akarudi taratibu kwenye kamera, akabonyeza. Bibi akaruka: sina hela ya mbili! Akajibiwa, "Hii hulipi, mama. Hii nimejipigia mwenyewe."

Na mkanda wake ulikuwa wa picha 12 tu!

Mwenzangu wa chumbani anabisha. Eti msanii ni mwenye jina na maonyesho, huyo alikuwa fundi picha anatafuta ugali. Nikampa habari ya Seydou Keïta wa Mali. Alifungua studio Bamako mwaka 1948, wateja wakija na nguo zao nzuri, wengine akiwaazima saa na redio. Naye alikuwa anatafuta ugali. Mwaka 1991 picha zake zikaonyeshwa New York, wakaandika kwamba mpiga picha hajulikani, wakati mzee yuko hai Bamako! Mwaka 1994 Paris wakamfanyia maonyesho yake kwa jina lake. Picha ni zile zile. Je, mwaka 1991 hakuwa msanii?

Tena sisemi kila picha ni sanaa. Kule kwetu, kwenye msitu wa Mlima Rungwe, watafiti walimwona kima anayeitwa kipunji mwaka 2003. Mwaka 2005 akatangazwa kwenye jarida la Science kwa kutumia picha, bila mzoga wowote. Wanasayansi wengine walilalamika, mpaka baadaye alipopatikana mmoja amekufa kwenye mtego wa mkulima. Picha ile kazi yake ilikuwa kuthibitisha kwamba mnyama yupo. Kitambulisho cha bibi nacho kinathibitisha kwamba alikuwepo. Lakini yule bwana aliona kitu ambacho hakuna aliyemtuma akione, tena mwenyewe bibi alikuwa anakificha, akatoa picha moja katika 12 zake kwa ajili hiyo. Kwangu mimi usanii uko hapo.

Mwenzangu akanibana tena: picha moja haimfanyi mtu msanii, labda alibahatisha. Hapo, kusema kweli, nilikwama.

Nyuma ya picha kuna muhuri, wino umefifia, linasomeka neno TUKUYU tu. Nimeuliza sokoni, nimeuliza wazee wa kanisani, hakuna anayekumbuka jina. Mama mdogo anakumbuka kofia yake ya kahawia, basi.

Kwa hiyo wadau wa Rungwe, mkienda likizo fungueni masanduku ya bibi zenu. Mkikuta picha yenye pazia la ndege, geuzeni muone kama muhuri unasomeka. Halafu mniambie mikono imekaaje.