Jioni ya Muttrah na kamera mkononi

Kamera ya kidijitali isiyo na kioo ndani, zile ndogo zinazobadilishwa lenzi, inamfaa anayejifunza: ukichungulia unaona mwanga utakavyotoka kabla hujabonyeza. Kwa hiyo jifunzie penye jua na kivuli pamoja. Hapa Muscat hapashindi Muttrah. Nje bahari inameta, ndani ya soko vichochoro na taa.

Kiangazi, ukishuka kwenye gari lenye kiyoyozi, lenzi huingia ukungu papo hapo. Usiifute. Iache mkobani, umefungwa, nusu saa hivi ipate joto. Kunywa kahawa.

Kwenye video, kumbuka umeme wa Oman ni wa hezi 50. Chini ya taa za maduka weka picha 25 kwa sekunde na shata 1/50, la sivyo taa huenda zikachezacheza. Lakini mimi naona sauti ni kubwa kuliko picha. Wazee waliozaliwa Unguja bado wapo hapa, na Kiswahili chao huenda wajukuu hawakijui tena. Omba ruhusa kwanza, kisha sogea karibu, maana maikrofoni ya kamera hudaka kelele zote za soko. Mzee akianza kusimulia usimkatize. Chukua na betri ya pili.